Ukurasa Usio na Muhuri

Bi Mwanaidi, mfagiaji wa ofisi ya wilaya, alinisimulia haya juzi tukichambua mchele.

Sheria mpya inataka kila gazeti lipigwe muhuri kabla ya kuchapwa. Basi Mzee Pazi, mwenye gazeti la mji, akapeleka ukurasa wake pale ofisini: maji ya kisima cha sokoni yana sumu.

“Mwenye muhuri yuko semina,” karani akamwambia. “Rudi Alhamisi.”

“Na mpaka Alhamisi watu wanywe nini, mwanangu?”

“Mzee, sheria sikutunga mimi.”

Mzee akakaa kwenye benchi, akawa anamsomea kila aliyeingia.

“Hapa si redio!” karani akafoka.

Mzee akaendelea kusoma mpaka sauti ikamkauka. Alasiri karani akaitazama glasi yake ya maji, akayamwaga dirishani kimyakimya. Mzee hakumwona. Usingizi ulishamchukua palepale, ukurasa kifuani.