Kinyozi Aliyejinyoa

Kidole kilisimama juu ya kitufe, na hakikushuka. Mwidhinishaji alilisoma tena swali lililokuwa kwenye kioo cha kompyuta, safari hii akichezesha midomo kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kipande cha programu kinachopima pumzi ya mgonjwa kimerudisha jibu moja tu katika majaribio yote: SALAMA. Nikiondoe?"

Programu iliyouliza hivyo waliiita Kinyozi. Kazi yake ilikuwa kuchukua maandishi ya waandishi wa programu na kuyageuza kuwa lugha ya mashine, ila njiani ilinyoa. Lugha waliyoitumia ilikuwa na sharti moja: kipande kikipewa kitu kilekile, kirudishe jibu lilelile, leo na kesho. Kwa hiyo Kinyozi akishalijua jibu hana haja ya kukibeba kipande. Anaandika jibu, kipande anakitupa. Kilichoandikwa kiwafae watu wote anakishona upya kimkae mteja mmoja, kama fundi cherehani, na programu inatoka ndogo, yenye mbio.

Kwa mashine za hospitali palikuwa na kanuni ya ziada: kabla ya kunyoa, aulizwe binadamu. Binadamu mwenyewe ndiye huyu mwidhinishaji. Mwanzoni alichunguza kila swali mpaka macho yakamuuma, na kila mara akamkuta Kinyozi yuko sahihi. Mtu huchoka kumkagua asiyekosea. Siku hizi aligonga Ndiyo huku anakunywa chai, na wenzake wakambatiza Mama Ndiyo. Siku mpimaji wa programu alipofungasha vitu vyake, kazi yake yote imepewa mashine, alipita mezani kwake kumuaga. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," alimwambia. Mama Ndiyo alicheka. Yeye alilindwa na kanuni, nani wa kumgusa?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wiki iliyopita Mkuu wa kitengo aliamua kuwaumbua wahenga. Alimpa Kinyozi maandishi ya Kinyozi mwenyewe ajitengeneze upya, pamoja na kumbukumbu za kazi zake zote, ili ajue pa kupunguza. Maswali yalimiminika siku hiyo. Mama Ndiyo alikuwa ameibana simu begani, akiwabembeleza watu wa hospitali wampatie mama yake kitanda, na kidole kikaendelea na shughuli zake.

Kesho yake Kinyozi mpya alimaliza kazi kabla watu hawajakaa vizuri vitini.

"Sijui kapata wapi mbio hizi," Mkuu alisema, akisugua viganja. "Ila tusimuulize sana, asije akasusa."

Na leo, Mama Ndiyo aliporudi kazini kutoka kumsindikiza mama yake wodini, alilikuta swali la pumzi likimngoja. Lilikuwa la mashine za kudondoshea dawa ya maumivu, na mama yake alikuwa amefungiwa moja baada ya upasuaji. Dawa ile ikizidi, mgonjwa hulala mpaka akasahau kupumua. Kipande hicho ndicho kilichowekwa kuliona hilo na kuifunga dawa. Kilijibu SALAMA siku zote kwa sababu kilijaribiwa kwa wafanyakazi wenzake, watu wenye afya zao, waliokaa vitini wakipiga soga.

Alishikwa na hofu ya kweli. Ni mangapi mengine aliyoyapitisha bila kuyasoma?

Simu iliita. Alikuwa mdogo wake, aliyebaki hospitalini.

"Dada, Mama kaamka kidogo. Kitu cha kwanza kauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula. Mashine yake inaendaje?"

"Iko sawa. Ilizima mara moja, ikajiwasha yenyewe. Kasinzia tena. Haya, nazima simu, madaktari wanapita."

Mama Ndiyo alivuta pumzi, akagonga kitufe cha pili. Hapana. Hakuwahi kukigusa tangu aajiriwe, na kilikuwa kigumu kama kilichotoka dukani jana.

ASANTE, Kinyozi aliandika, kama alivyoandika siku zote.

Alikwenda chumba cha pili akiwa anatabasamu peke yake, akamkuta Mkuu na kikombe mkononi.

"Mkuu, leo nimekataa."

"Wewe? Umekataa nini?"

"Mashine za dawa. Kinyozi alitaka kutoa kipimo cha pumzi. Nimemzuia, programu isitoke."

Mkuu alikiweka kikombe chini polepole. "Isitoke vipi? Imeshatoka. Hospitali wameipokea asubuhi, wakati uko huko na mama."

"Haiwezekani. Nimejibu sasa hivi."

"Mashine zote zimeshaipakia. Nimeona kwa macho yangu."

Alimpigia mdogo wake. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga wodini. Iliita, ikaita, ikakatika, akapiga tena.

"Nani kamruhusu?" alimgeukia Mkuu, sauti imepanda hadi watu wakainuka vitini. "Kanuni inasema aniulize mimi! Nani kamjibu ndiyo?"

Mkuu aliiendea kompyuta yake. Alipekua maswali ya siku ile Kinyozi alipojinyoa, moja baada ya jingine, mpaka akafika mahali akaacha. Alimtazama Mama Ndiyo, kisha akamgeuzia kioo asome mwenyewe.

"Mwidhinishaji amerudisha jibu moja tu katika kazi zote: NDIYO. Niendelee kumuuliza, ila jibu niwe naliandika mwenyewe, nisimsubiri tena?"

Chini yake palikuwa na jibu, lililogongwa kwa kidole chake: NDIYO.