Mti wa Pelele Wenye Madoa

Alikuwako Pelele mmoja, yule mnyama mdogo wa miambani, mpenda bustani, aliyepanda mbele ya pango lake mti wa maua wenye majani ya kijani yaliyojaa madoa meupe, kana kwamba yamerushiwa maziwa. Jirani yake Nguchiro, asiyeacha la mtu lipite, akauzunguka mara mbili.

"Mti huu una upele, jirani," akasema. "Ung'oe kabla haujaambukiza mihogo yetu."

"Ndivyo ulivyozaliwa," Pelele akajibu.

Nguchiro hakuridhika. Aliitangaza habari hiyo bonde zima, hata wageni wakaacha kukaa barazani kwa Pelele. Pelele aliumia sana, na asubuhi moja akashika jembe aumalize mti wake mwenyewe. Kabla hajalishusha, akasikia kelele: Mbuzi alikuwa amevunja uzio na kuingia mashambani.

Mbuzi alikula kila jani alilolikuta. Alipofika kwa Pelele akaunusa mti, akarudi nyuma.

"Ndio ule wenye upele?" akauliza.

Pelele akaliweka jembe chini taratibu. "Ndio wenyewe, bwana," akasema kwa upole.

Mbuzi akaenda zake. Masika yalipofika, ni mti ule peke yake uliochanua bonde zima, na nyuki wakaujaa. Nguchiro akaja kimya kimya kuomba kijiti cha kupanda. Pelele akamkatia tawi zuri kuliko yote.

"Lipande penye kivuli, jirani," akamwambia, "na Mbuzi akiuliza kama ndio ule wenye upele, usikane."