Mashine Ndani ya Kasha

"Mama, hii haipiti bila kodi," afisa wa forodha alimwambia shangazi yangu, akiwa amechuchumaa mbele ya kasha letu.

Nilimwonyesha tena tangazo la serikali: anayeingiza mashine ya kusindika mazao amesamehewa ushuru.

"Mashine, ndiyo. Hivi ni vipuri. Vipuri vina kodi."

"Vipuri vya nini?" shangazi aliuliza.

"Vya mashine."

"Mashine gani?"

"Hii hii yenu ya kusaga nyanya."

Shangazi alinigeukia kama mtu anayetafuta shahidi. Ni sisi wenyewe tuliomwomba muuzaji aifungue vipande vipande, ili iingie kwenye kasha dogo na nauli ipungue. Nyumbani, majirani walikuwa wameshavuna nyanya kwa ahadi yetu, na zilikuwa zimeanza kutoa maji. Nilikuwa nimewaambia wote kwamba safari hii sheria iko upande wetu, na bado niliamini hivyo.

"Ingekuwa imeungwa, ningeipitisha leo hii," afisa alisema kwa upole. "Sheria ndiyo hiyo, mama. Si mimi."

Shangazi alichuchumaa kando yake. Alivua mtandio, akautandaza sakafuni, akaanza kupanga nati juu yake, kubwa huku, ndogo kule. Grisi ilimpanda hadi kwenye viwiko.

"Mama, hapa si gereji. Na tunafunga saa kumi."

"Basi tusipoteze muda," alisema shangazi, akimkabidhi mguu mmoja wa mashine. "Shika hapa, mwanangu. Usiuinamishe."