Bega la Mtoto

Tangu asubuhi Generoza, mwanawe mgongoni, alikaa kwenye meza ya chanjo ya ndui pale Kidete, na hakuna mama aliyesogea. Walisema dawa ya serikali inaua kizazi. Sauti ilishamkauka kwa kueleza.

Mwishowe bibi mmoja akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo uliyembeba mgongoni umemchanja?"

"Nimemchanja."

Bibi akalegeza kanga ya Generoza, akapandisha mkono wa kigauni taratibu. Bega la mtoto lilikuwa laini, halina kovu la chanjo.

 Nyumbani nako Generoza alishachoka kubishana na mama mkwe, aliyekataa mtoto asichanjwe.

Akamshusha mwanawe, akampakata, akachukua sindano. Mkono uliokwisha kuchanja vijiji saba ukasita juu ya bega la mwanawe.