Redio Amenyamaza

Mtoto alikuwa hasemi. Hana homa, hajaanguka, hajameza kitu, ila hasemi.

Kwa mtoto mwingine lingekuwa jambo dogo. Huyu alikuwa na miaka mitano na mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu alianza kutangaza akiwa bado kitandani, na hakuna kilichoweza kumzima isipokuwa usingizi. Alisema akila, alisema akioga, alisema chooni mlango ukiwa wazi. Mdogo wake wa kike hakuona haja ya kujifunza maneno. Kaka yake alimsemea.

Jumapili hiyo mama yao, mshonaji, alitoka asubuhi kumpelekea mteja gauni lake. Watoto akawaacha na baba yao. Aliporudi alikuta nyumba kimya kama ofisi ya serikali wakati wa chakula. Mume wake, fundi wa friji, alikuwa amelala chali kwenye kochi, anakoroma. Yule mdogo alikuwa anajaza unga kwenye kiatu. Redio alikuwa amekaa kizingitini, macho nje, midomo kaibana.

"Mwanangu, umekula?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Unaumwa?"

Akatikisa kichwa.

"Basi sema na mama."

Mtoto akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mama akaenda moja kwa moja kwenye kochi. Akamwamsha mume wake kwa kumpiga na mkoba.

"Umemfanya nini mtoto?"

"Nimfanye nini? Mimi nililala tu."

"Nilipotoka alikuwa anasema!"

"Kwani huyu kuna siku hasemi?" Fundi akajikuna, akatafuta viatu vyake, akapata kimoja. Cha pili kilikuwa na unga.

Akaitwa jirani, muuguzi, akaja na kijiko. "Sema aaa." Redio akaachama mpaka meno ya nyuma yakaonekana, lakini hiyo aaa haikutoka.

"Koo safi," alisema muuguzi. "Labda kuna kitu kimemtisha." Akaenda zake kupika, akawaachia neno hilo walitafune.

Mama mkwe akaingia wakati huo, anatoka kumwona dada yake. Aliishi nao, chumba cha uani, na ndiye aliyewalea watoto siku nzima cherehani ikinguruma. Alipoelezwa hakungoja hata kuvua viatu.

"Kwetu hakuna bubu."

"Wala kwetu, mama."

"Kwenu si mna yule mjomba wako anayeongea na mbuzi?"

"Anaongea, mama. Ndicho tunachokitafuta hapa."

"Usinijibu hivyo! Nilimwambia mwanangu tangu mwanzo. Mwanamke wa kushinda kwenye cherehani hazai mtoto, anashona."

Mshonaji alikuwa amemeza maneno miaka yote ya ndoa yake. Sasa yakamtoka kwa mkupuo.

"Basi na wewe usikie. Huyo mwanao mchuzi wako anaumwaga dirishani. Yale mapazia uliyotuletea anafutia grisi. Na alisema siku ukihama, chumba chako ataweka friji mbovu!"

Bibi akamgeukia mwanawe. Fundi akatazama dari, kana kwamba limeanza kuvuja. Hilo likawa jibu. Kikongwe akaanza kulia, na huku analia akafunga virago. Chai aliyowekewa haikuwahi kupoa, yeye yuko barabarani.

Mshonaji akampigia simu kaka yake. Huyu alikuwa dereva wa lori, na ndiye mshirika wa fundi katika karakana yao. Alifika akiwa tayari amekunja mikono ya shati. Akachuchumaa mbele ya Redio.

"Mjomba, baba yako kakupiga?"

Redio akatikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakimlengalenga.

"Ona! Mtoto anaogopa kusema!"

"Shemeji, si kakataa? Kasema hapana!"

"Kasema? Kasema na nini?"

Wakakunjana mashati. Kiti kikavunjika mguu, mdogo akaangua kilio, na hakuna aliyejua anataka nini, maana mkalimani wake alikuwa kafunga mdomo. Muuguzi akarudi na mwiko mkononi kuwatenganisha. Dereva akatoka akihema, akaenda karakana, akapakia mitungi ya gesi, ngazi na sanduku la vifaa, na kusema ushirika umekwisha, asitafutwe.

Mchana ukapita. Jioni mshonaji akakunja nguo za watoto.

"Mama Redio," fundi alisema, "kaa tuzungumze."

"Leo ndiyo unataka kuzungumza? Kila siku ukirudi ni wewe na kochi. Mtoto anakuita mara kumi, unamjibu 'mm.' Nakwenda kwa kaka. Mwanangu akipona ulimi, utasikia."

Akamfunga mdogo mgongoni, akashika mkoba, akamnyooshea Redio mkono.

Nje, jua lilikuwa linazama nyuma ya tangi la maji. Redio akalitazama mpaka likaisha lote. Kisha akashusha pumzi ndefu, akasimama, akamgeukia baba yake.

"Baba, giza limeingia! Asubuhi, macho umeyafumba, ulisema nikinyamaza mpaka giza ili ulale, utaninunulia baiskeli. Nimenyamaza hata bibi alipolia. Hata mjomba aliponiuliza. Mimi nataka nyekundu, yenye kengele."

Mama yake hakuweka mkoba chini. Usingizi wa asubuhi moja ulimgharimu fundi mama yake, shemeji, karakana, mke, watoto wawili na baiskeli.