Kofia ya Bwana Harusi

Vidonge vya hospitali vilizinyamazisha sauti zilizokuwa zikimtesa Mbwana kichwani, lakini vidole vyake vikawa vizito, na kofia aliyokuwa akimshonea mwanawe Famau, bwana harusi, ikalala nusu. Mkewe Mwanasha akamwonea huruma, akamletea miraa imchangamshe.

Kufika alasiri, sindano ilikuwa ikikimbia.

"Umeona, Baba Famau? Mikono imerudi."

"Imerudi," akajibu bila kuinua macho. "Na wao wamerudi."

Mwanasha akaifunika miraa iliyobaki kwa upindo wa leso. Lilibaki duara moja tu la kushona kofia imalizike. Akamnyooshea kiganja chenye kidonge cha jioni.

"Wanasemaje?"

"Wanasema hicho kidonge ni sumu."

Kiganja hakikurudi nyuma. Sindano ikasimama hewani.