Kabari Chini ya Jiwe

Fundi wa miamba alilala kifudifudi, akapenyeza vidole chini ya jiwe kubwa kama lori. Vikapita mahali ambapo hata unywele haukupaswa kupita.

"Shemeji, nani kachomeka kabari hii ya mti?"

"Mimi," akajibu mdogo wa mumewe, kifua mbele. "Jiwe lilikuwa linatikisika, na nyumba ya mama iko hapo chini. Nikaziba pengo la upande huu wa mlimani."

"Barafu ya kale iliyoteremka kama mto ililibeba toka milima ya mbali, ikaliketisha hapa, ikayeyuka ikaenda zake bila kuaga. Tangu hapo linatikisika na halianguki. Wewe ukalionea huruma! Kabari yako imekunywa mvua, imevimba, inalisukumia kwa mama."

Shemeji akanywea. "Mama kasema hatoki mpaka wewe useme."

Fundi akatazama bondeni. Mama mkwe alikuwa akianika mashuka, wala hakuinua kichwa.

"Mwache amalize kuanika."

Akaegemeza bega kwenye jiwe, akashika nyundo, akaipiga kabari ubavuni. Ikachomoka. Jiwe likaguna, na begani akausikia uzito wote ukianza kurudi upande wake, mlimani, mbali na nyumba ya mama.